Bendera na Fingo: Uhakiki wa Lugha ya Nyara za Vita katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Vita vikishakwisha huacha vitu. Bendera iliyotwaliwa, mzinga uliotekwa, ngoma, upanga, medali, hata mtego uliotegwa kumwua askari kisha ukateguliwa: vyote hivi huokotwa, hubebwa, huuzwa, na mwisho wake huwekwa ndani ya makabati ya vioo, kila kimoja na kibandiko chake. Mwanahistoria huvitazama kama ushahidi, na mfanyabiashara huvitazama kama mali. Mhakiki wa lugha na fasihi ana njia yake, nayo ni kuvitazama kama matini, yaani kuuliza ni nani anayesema kwa kutumia vitu hivyo, anamwambia nani, na ni maneno gani yaliyonyamazishwa ili yeye aweze kusikika.

Makala haya yanafuata njia hiyo katika pwani ya Kenya, hasa nchi ya Malindi na Kilifi. Hoja yake ni moja. Katika historia ya pwani hii kuna aina mbili za kitu cha vita. Aina ya kwanza ni kitu kinachosimamishwa ili kionekane. Mfano wake mkuu ni bendera. Aina ya pili ni kitu kinachofichwa ili kilinde. Mfano wake mkuu ni fingo. Fasihi andishi pamoja na kumbi za makumbusho zimezoea mno kuisoma aina ya kwanza, kiasi kwamba aina ya pili, ambayo ndiyo iliyobeba vita vya Wagiriama vya mwaka 1914, husomwa vibaya au haisomwi kabisa. Kosa hili si la istilahi tu. Lina uzito katika suala la nani anastahili kurudishiwa nini.

2. Msamiati wa vita

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili kina neno ngawira, ambalo ni mali inayopatikana vitani na kugawanywa kwa kanuni maalumu baina ya wapiganaji. Kina neno nyara, ambalo ni kitu au mtu aliyetwaliwa kwa nguvu. Na kitenzi kinachoandamana nalo ni kuteka. Kina pia neno mateka, ambalo huwahusu zaidi watu. Tofauti iliyopo kati ya ngawira na nyara si ndogo. Ngawira hutazama mgawanyo, yaani haki baina ya washindi wenyewe. Nyara hutazama utwaaji, yaani jambo alilotendewa mwenye mali. Mtu anayesema ngawira amesimama upande wa aliyeshinda. Anayesema nyara amekwisha kumkumbuka aliyeshindwa.

Kwa kitambaa cha vita washairi wa kale walikuwa na neno beramu. Bendera, ambalo ndilo lililoenea leo, limetoka katika Kireno, na si ajabu basi kwamba limedumu katika pwani ambayo Vasco da Gama aliitia nanga mwaka 1498, akapokewa na mfalme wa Malindi. Nguzo yenye msalaba ambayo Wareno waliiacha mjini humo yaonyesha vizuri tabia ya bendera: ni alama inayosimikwa mahali pa wazi na kutazama bahari, ili chombo kinachopita kijue ni nani aliyetangulia kufika.

Kwa upande wa pili kuna maneno tego, kago na fingo. Yote matatu ni ya vitu vya uganga vinavyowekwa kulinda: tego humnasa mwizi au mzinzi, kago hulinda shamba na mali, fingo huzikwa ardhini ili kulinda mji mzima. Wako wanaoyafasiri maneno haya kana kwamba ni majina ya kishenzi ya mtego wa kijeshi. Tafsiri hiyo haikubaliki. Mtego wa baruti uliofungwa mlangoni haumchagui mtu. Humwua askari kama unavyomwua mtoto aliyekuja kuokota kuni. Tego na kago humngoja mkosaji, na hudhani kwamba mkosaji huyo anaijua sheria anayoivunja. Kwa hiyo nguvu ya fingo haitoki katika chungu kilichozikwa peke yake, bali katika mapatano ya jamii inayokizunguka.

3. Bendera na ngawira katika utenzi wa vita

Utenzi wa vita wa Kiswahili umejengwa juu ya aina ya kwanza ya vitu. Mashujaa hutoka safuni wakajitaja, bendera huinuliwa, mbebaji wake huuawa na mwingine huipokea, na mwishoni ngawira huhesabiwa. Ni fani inayohitaji vitu vinavyoonekana, kwa sababu msikilizaji hana budi kuuona uwanja kwa macho ya moyo.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba mapokeo haya yanaisifu ngawira bila ya kuihoji. Kisa cha Uhud ni ushahidi wa kutosha. Kisa hiki kinajulikana sana kwa wasomaji wa Kiswahili kutokana na Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum na kuchapishwa mwaka 1962 chini ya uhariri wa H. E. Lambert. Wapiga mishale waliwekwa mlimani na kuamriwa wasiondoke hata iweje. Walipowaona maadui wanakimbia na mali imetapakaa, wengi wao waliteremka kwenda kujipatia fungu lao. Khalid bin Walid, ambaye siku hizo alikuwa bado upande wa Makureshi, akazunguka na wapanda farasi, na ushindi ukageuka kuwa msiba. Hapakuwa na aliyechimba shimo wala aliyetega kamba. Ngawira yenyewe ndiyo iliyokuwa mtego.

Jambo hili halikuishia katika zama hizo. Katika vita vikuu viwili vya karne ya 20 askari walionywa wasiguse bastola, kofia za chuma wala bendera zilizoachwa na adui, kwa kuwa adui aliyekuwa anarudi nyuma alizoea kuvitegea baruti vitu alivyojua kwamba vitatamaniwa. Mtegaji alikuwa amekwisha kusoma moyo wa mkusanyaji. Hapa bendera na mtego, ambavyo mkusanyaji huviweka katika rafu mbili mbalimbali, vinakutana na kuwa kitu kimoja: kitu kinachotamanika ndicho kinachonasa. Mapokeo ya utenzi yalilijua jambo hili mapema, na ni hazina ya uhakiki ambayo haijatumiwa ipasavyo.

4. Mwele: jina katika ukingo wa medali

Mfano wa kwanza kutoka pwani ya Kenya ni vita vya Wamazrui. Mwezi wa Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, mji ulio kusini ya kijito cha Kilifi. Mamlaka ya Kiingereza yakamtambua Rashid bin Salim kuwa mrithi, na kumwacha Mbaruk bin Khamis aliyedai haki hiyo. Ugomvi wa urithi ukawa vita, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akavutwa ndani yake. Tarehe 17 Agosti 1895 ngome yake ya Mwele, iliyokuwa bara ya Gazi, ilitekwa na kikosi kilichoongozwa na Admirali Harry Rawson. Mwaka uliofuata Mbaruk alivuka mpaka akaingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na hakurudi tena kutawala.

Waliopigana upande wa Rawson walipewa medali. Wale wa vita vya Witu, upande wa kaskazini, walikuwa wamepata kipande cha chuma juu ya utepe chenye jina la Witu na mwaka 1890 au 1893. Wale wa Mwele hawakupewa kipande. Jina la mahali pamoja na mwaka lilichorwa katika ukingo wa medali yenyewe. Leo medali za namna hiyo ni bidhaa ya wakusanyaji, na bei hutegemea sana maandishi hayo ya ukingoni.

Maandishi haya ni matini fupi kuliko zote, nayo yastahili uhakiki. Yana jina la mahali na mwaka, hayana kitenzi. Hayasemi kwamba Mwele ilitekwa, wala kwamba ilikuwa makao ya watu, wala kwamba ugomvi ulianzia katika nyumba ya msiba Takaungu. Kwa sababu hayana kitenzi, hayana mtenda wala mtendwa. Mji wa watu umefanywa kuwa sifa ya mtu mwingine, kama vile mtu anavyosifiwa kwa cheo. Huu ndio usemi wa nyara katika hali yake iliyo bora kabisa kwa mshindi: jina linabaki, kisa kinaondoka.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Rawson huyo huyo ndiye aliyeamuru mizinga ipigwe Unguja tarehe 27 Agosti 1896, na ndiye aliyeongoza msafara wa Benin mwezi wa Februari 1897, ambao vitu vyake vya shaba vilitawanywa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwele, Unguja na Benin ni sura tatu za mwandishi mmoja, zilizoandikwa katika muda usiofika miaka miwili. Ulimwengu umejifunza kuijadili sura ya tatu kwa sababu ilileta vitu vizuri vya kutazamwa. Sura ya kwanza haijadiliwi, kwa kuwa iliacha jina tu katika ukingo wa fedha.

5. Kaya Fungo: vita visivyo na bendera

Mfano wa pili ndio ulio kiini cha makala haya. Mwaka 1913 Serikali ya Kikoloni ilikuwa inawataka Wagiriama kodi na vijana wa kufanya kazi. Mekatilili wa Menza akawakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwahimiza warudie kiapo cha wazee. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi. Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mwezi wa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii. Mwezi wa Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani. Mwezi wa Agosti 1914 Serikali iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma miti na kuharibu malango yake. Siku chache baadaye mapigano yakazuka. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, wapagazi 1,000 kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani, na kuhama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki.

Msomaji aliyezoea utenzi atauliza mara moja: bendera iko wapi? Haikuwapo. Wagiriama hawakuwa na kitambaa cha kuinua wala mfalme wa kusalimisha upanga. Mjini Unguja mwaka 1896 mizinga ilinyamaza bendera ya jumba ilipoangushwa, kwa kuwa pande zote mbili zilikubaliana kuhusu maana ya kitambaa kile. Katika nchi ya Wagiriama Serikali haikupata kitu cha namna hiyo. Kiapo hakishikiki kwa mkono. Kifudu hakipakiwi melini. Na fingo, ambalo kwa mapokeo ya Wamijikenda ndilo lililoufanya msitu kuwa kaya, lilikuwa limezikwa ardhini, na mahali pake palijulikana na wazee wachache.

Ndiyo maana baruti ilitumika dhidi ya miti. Tendo hilo huelezwa mara nyingi kama adhabu tu, lakini mhakiki anaweza kuliona pia kama kushindwa kusoma. Aliyezoea kushinda kwa kushusha bendera, akikosa bendera, huvunja mahali penyewe. Na hata baada ya kuvunja hakupata cha kuchukua. Fingo likifukuliwa na kuwekwa kabatini si fingo tena, ni chungu. Bendera iliyotekwa huendelea kuwa bendera, na kwa kweli thamani yake huzidi. Hapo ndipo ilipo tofauti ya maumbile baina ya vitu hivi viwili: bendera hutekeka, fingo huharibika tu.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kujihadhari na mapenzi ya kupita kiasi. Yuko atakayesema kwamba fingo halikuwalinda Wagiriama: watu waliuawa, nyumba zilichomwa, wapagazi walitolewa. Hayo ni kweli, na hakuna usomaji wa alama unaoweza kuyafuta. Lakini swali la kama fingo lilizuia risasi ni swali la bendera, yaani la nani alishinda siku ile. Swali la fingo ni jingine: je, mapatano yaliyolizunguka yalivunjika? Mekatilili aliachwa arudi nyumbani baada ya vita vikuu, na Wagiriama wakaruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kitu kilichofichwa kilidumu zaidi ya serikali iliyokilipua.

6. Neno kama nyara: mfano wa Kinjeketile

Je, fasihi andishi ya Kiswahili ina kielelezo cha kuandika vita visivyo na bendera? Kipo, ingawa hakitoki Kilifi. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, silaha kuu ya wapiganaji wa Maji Maji ni maji yenyewe, yaani kitu ambacho baada ya kunywewa au kunyunyizwa hakiwezi kutekwa. Wakoloni katika tamthilia hii wanakabiliwa na shida ile ile ya Kaya Fungo. Wamewashinda wapiganaji na wamemkamata kiongozi, lakini hawana nyara.

Kwa hiyo wanatafuta nyara ya aina nyingine. Kinjeketile anatakiwa akanushe, aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Wahakiki wengi wameliona tukio hili kama mgongano wa nafsi ya shujaa anayejua kwamba maji hayakuzuia risasi. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujafika mwisho. Kukanusha kungekuwa ndiyo bendera ya kuteremshwa. Neno lingetoka kinywani mwake likawa kitu cha kubebwa na kuonyeshwa kwa vizazi vijavyo. Kwa kukataa, Kinjeketile analizika neno, na kulifanya fingo. Hussein amefaulu pale ambapo wengi wanaoandika kuhusu vita vya ukombozi hushindwa, yaani wale ambao kila mara hulazimika kumpa shujaa wao bendera ya kupepea katika onyesho la mwisho, ilhali historia haikumpa.

Waandishi wanaomchukua Mekatilili kuwa mhusika mkuu wana la kujifunza hapa. Wakimgeuza kuwa jemadari mwenye kitambaa na upanga watapata tamasha, lakini watakuwa wamemvika sare ya adui yake. Uwezo wake ulikuwa katika kiapo, ngoma na mwendo wa miguu kutoka Kisii hadi pwani. Tamthilia inayomstahili itabidi itafute namna ya kuonyesha kisichoonyeshwa.

7. Vigango na kauli za kitenzi

Nyara za pwani hii hazikwisha na vita. Kuna kitu kimoja cha Wamijikenda ambacho husimamishwa mahali pa wazi kama bendera, nacho ni kigango: nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu. Si kitu cha vita, lakini kwa kuwa kinaonekana kinatekeka, na kimetekwa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa usiku, vikauziwa wafanyabiashara na kuishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kutoka boma moja vilitambuliwa baadaye, kimoja katika Illinois State Museum na kingine katika Hampton University Museum, kwa msaada wa picha iliyopigwa kabla ya wizi na mtafiti Monica Udvardy. Mwaka 2007 kigango cha Illinois kilirudishwa kwa sherehe katika boma kilikotoka. Makumbusho ya Denver nayo yaliamua mwaka 2014 kuachia vigango 30.

Hapa ndipo taaluma ya lugha inapopaswa kutoa mchango wake. Tazama vitenzi vinavyoweza kutumika katika kibandiko cha Kiswahili: kigango hiki kilipatikana Kilifi, kigango hiki kilichukuliwa Kilifi, watu waliking'oa kigango hiki kaburini kwa marehemu. Kauli ya kwanza ina kiambishi -ik-, ambacho hueleza hali bila ya kudai kwamba kuna mtenda. Kigango kimejipatia chenyewe, kama embe lililoanguka. Kauli ya pili ina -w-, ambayo hukiri kwamba mtenda yupo ingawa hatajwi. Ya tatu humtaja. Hatua hizi tatu za sarufi ni hatua tatu za uadilifu. Ndivyo ilivyo kwa Kaya Fungo: ilivunjika, ilivunjwa, Serikali iliivunja. Mwanafunzi anayefunzwa mnyambuliko wa vitenzi bila ya kuonyeshwa jambo hili amefunzwa nusu ya sarufi.

Vivyo hivyo kwa nomino. Kibandiko kinachokiita kigango sanamu au sanaa hukitoa katika ukoo na kukiingiza katika soko, kwa sababu sanaa hununuliwa. Kikiitwa nyara, mara moja msomaji huuliza ilitekwa na nani, na mwenyewe yuko wapi. Na kikiitwa kwa jina lake, kigango, kinadai marehemu wake. Kurudishwa kwa kitu huanza na kurudishiwa jina.

8. Hitimisho

Pwani ya Malindi na Kilifi imekuwa na vitu vya vita vilivyoinuliwa na vitu vya vita vilivyozikwa. Vilivyoinuliwa vimebebwa: jina la Mwele limo katika ukingo wa medali, vigango vimevuka bahari. Vilivyozikwa vimebaki, hata pale ambapo msitu uliovifunika ulichomwa. Uhakiki unaojua kusoma bendera peke yake utaendelea kuiona historia ya pwani kama orodha ya walioshindwa, kwa sababu utaitafuta mahali ambapo mshindi amekwisha kuichukua.

Inapendekezwa basi mambo mawili. Kwanza, vibandiko vya Kiswahili katika makumbusho ya pwani vitungwe kwa vitenzi vyenye mtenda, na kwa nomino ambazo wenyeji wenyewe huzitumia. Pili, mafunzo ya tanzu za vita katika vyuo vikuu yasiishie katika utenzi na tamthilia zilizochapishwa, bali yaingize kiapo, kifudu na masimulizi ya kaya kama matini kamili zenye fani yake. Wazee wanaojua mahali lilipozikwa fingo hawana haja ya kuwaonyesha wahakiki mahali hapo, wala wahakiki hawana haki ya kuwauliza. Linalotakiwa ni wahakiki wajue kwamba lipo, na waandike kama watu wanaojua.